Shujaa wangu wa msituni amekwama, naomba mawazo

MwanaTudor: Asalaam aleikum. Naandika filamu ya runinga, ya kubuni, ya kurekodiwa huku kwetu Mombasa na kandokando yake. Kijana ana ramani ya kale, anaingia msituni kusaka mali ya masultani, wanyama wanamsemesha. Lakini kila nikimsoma namwona yule shujaa wa sinema za Wazungu aliyebadilishwa jina tu: ngozi ya chui kiunoni, kubembea mitini, kupigana na simba. Nimfanyeje? Na msitu upi utafaa?

BintiMtongwe: Ngozi mvue leo hii 😂 Mpe suruali kuukuu na panga. Simba naye wa nini? Hifadhi ya Shimba Hills huko Kwale kuna palahala, jamii ya swala wakubwa, ambaye Kenya nzima porini yuko huko tu. Dume jeusi, pembe zimepinda kwenda nyuma. Huyo akifungua mdomo nitakaa nisikilize.

BabuWaKwale: Mwanangu, tatizo si nguo. Kijana wako ni mwizi. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ina wenyewe: hukati tawi, hubebi kitu, na Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia. UNESCO waliziorodhesha kaya hizi 2008, lakini miiko ilikuwapo kabla yao. Hazina unayo karibu: kigango, ule mti wa kuchongwa anaosimamishiwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, akifa. Vimeibwa vingi, vikauzwa mpaka makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Basi mtume kijana akakirudishe kimoja. Koma, yaani mzimu, wa yule mzee amsumbue usingizini mpaka aondoke.

MwanaTudor: Shikamoo babu! Kwa hiyo ramani nimpe mtu mwingine, na huyo ndiye adui?

BabuWaKwale: Marahaba. Ndiye. Na kigango cha kweli usikiguse, chonga cha kuigiza. Ndani ya kaya usipeleke kamera bila wazee kukubali.

FundiKamera: Kwa mandhari nenda Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Msikiti na majumba ya mawe katikati ya miti mikubwa, hujengi chochote. Omba ruhusa Makumbusho ya Taifa, na leseni Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Chakula mfungie garini, kima wa pale hawana adabu.

BintiMtongwe: Na palahala wangu?

MwanaTudor: Yumo, dada. Ndiye atakayemwonyesha kijana njia, ila ni mbishi, anataka kwanza aulizwe hali.