Wino mwekundu na wino mweusi: je, maneno ya Yesu yana mamlaka kuliko sehemu nyingine za Biblia?

Mdadisi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba msaada wenu katika jambo lililozuka kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia. Tulikuwa tukisoma 1 Wakorintho sura ya 7, na tulipofika mstari wa 12, ambapo Paulo anasema, "nawaambia mimi, wala si Bwana," mwenzetu mmoja alifunga Biblia yake na kusema kwamba mstari huo, basi, haumfungi yeye, kwa kuwa yeye hufuata yale tu yaliyochapwa kwa wino mwekundu, yaani maneno ya Yesu, ambayo Biblia nyingine huyachapa kwa rangi hiyo. Mwingine akamjibu kwa 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, hivyo hakuna neno kubwa wala dogo. Mimi nilibaki katikati. Ikiwa Biblia nzima ni Neno la Mungu, tunamaanisha nini tunaposema kwamba maneno ya Yesu yana mamlaka ya pekee? Na kama hayana, mbona katika makanisa mengi waumini huketi waraka unaposomwa, lakini husimama kwa ajili ya Injili?

Mkatekista

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu Mdadisi, kabla ya kuzungumzia wino, tazama kwanza namna Yesu anavyosema. Nabii huanza na "Bwana asema hivi," kama tarishi anayetaja jina la aliyemtuma kabla ya kufikisha ujumbe. Waandishi, yaani walimu wa sheria ya Musa, nao waliegemea Torati na mapokeo ya wazee. Sasa fungua Mathayo sura ya 5. Mara sita Yesu anataja yale ambayo watu walikwisha kuyasikia, na mara sita anaendelea kwa kusema, "mimi nawaambia." Amri ya "usiue" haikutoka kwa mzee fulani wa zamani ambaye mtu angeweza kubishana naye, ilitoka Sinai, kinywani mwa Mungu mwenyewe. Ni nani anayeweza kusimama kando ya amri hiyo na kuongeza "bali mimi"? Wala haitangui, kwa maana alikwisha kusema katika mstari wa 17 kwamba hakuja kuitangua torati. Anaiingiza ndani zaidi, hadi kwenye hasira iliyomo moyoni. Ndiyo maana mwishoni mwa hotuba makutano walishangaa, kwa sababu alifundisha "kama mtu mwenye amri, wala si kama waandishi wao."

Tazama pia neno "amin." Sisi hulitamka mwishoni, tukikubali maneno ya mwingine. Yeye huliweka mwanzoni, analitia muhuri neno lake kabla hata halijasikika, na katika Injili ya Yohana hulirudia mara mbili mbili, katika mahali 25.

Kisha nenda Kapernaumu, Marko sura ya 2. Dari limetobolewa, godoro limeshushwa pamoja na mgonjwa wa kupooza, na neno la kwanza analoambiwa mtu huyo halihusu miguu yake hata kidogo: anaambiwa dhambi zake zimesamehewa. Waandishi walioketi pale wakawaza, "Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Kwa maoni yangu, elimu yao ya dini ilikuwa sahihi kabisa, walichokosea ni kutomtambua aliyekuwa mbele yao.

Mstari kwa Mstari

Nakubaliana na Mkatekista, ila wino hauna budi kuzungumziwa, maana ndio uliozua ugomvi. Desturi hiyo si ya mitume. Ilianzishwa na Louis Klopsch, mhariri wa gazeti la Kikristo mjini New York, aliyevutiwa na Luka 22:20, mahali Yesu anapotaja agano jipya katika damu yake, akatoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899 na Biblia nzima mwaka 1901. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na rangi hizo wala alama za kunukuu. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaafikiani mazungumzo ya Yesu na Nikodemo yanaishia wapi: wengine husema Yohana 3:15, wengine 3:21. Maana yake ni kwamba hata Yohana 3:16 huenda ni maelezo ya mwinjili. Je, yule ndugu aliyefunga Biblia yake yuko tayari kuuacha mstari huo?

Yesu mwenyewe hakutuachia kitabu alichokiandika. Alisema Kiaramu, nasi tumepokea kwa Kigiriki karibu yote aliyoyanena, isipokuwa maneno machache kama "Talitha, kumi" na "Efatha." Kila neno jekundu limetufikia kupitia ushuhuda wa wafuasi wake, na wale aliowatuma aliwaambia, "Awasikilizaye ninyi anisikiliza mimi."

Sasa turudi kwa Paulo. Katika mstari wa 10 anasema anayeagiza si yeye ila Bwana, kwa sababu kuhusu talaka lilikuwapo neno la Yesu, lile tunalolisoma katika Marko 10. Katika mstari wa 12 anazungumzia mwamini mwenye mke asiyeamini, jambo ambalo hakuwa na neno la Bwana la kulinukuu, na hivyo anatoa agizo lake mwenyewe akiwa mtume. Hasemi kwamba agizo hilo halina nguvu; katika mstari wa 40 anakumbusha kwamba yeye naye ana Roho ya Mungu. Hata hivyo, mwenzenu wa 2 Timotheo naye asifurahi mapema. Waraka huu uliandikwa mnamo mwaka 55, na tayari mtume anakuwa mwangalifu asichanganye neno lake na la Bwana. Kama maneno yote yangekuwa sawa kwa kila hali, uangalifu huo ungekuwa wa nini?

Mdadisi

Nashukuru sana. Bado kuna jambo linanitatiza. Katika Yohana 12:49 Yesu anasema hakunena kwa nafsi yake tu, bali Baba aliyempeleka ndiye aliyemwagiza atakayonena. Hapo si anasema kama nabii?

Mkatekista

Swali zuri, nami ningepaswa kuligusa mapema. Mamlaka ya Yesu si ya kujitenga na Baba. Ni mamlaka ya Mwana. Waebrania 1 inasema Mungu alisema zamani kwa manabii, na mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Nabii hupokea neno, lakini katika Yohana 1 Yesu ndiye Neno. Isaya 40:8 inasema neno la Mungu wetu litasimama milele. Yesu, katika Mathayo 24:35, anasema mbingu na nchi zitapita, lakini maneno *yangu* hayatapita kamwe. Hakuna nabii aliyethubutu kusema hivyo kuhusu maneno yake mwenyewe. Hata mlimani alipogeuka sura, Musa na Eliya wakiwapo, sauti iliyotoka katika wingu ilisema, "Msikieni yeye," na wanafunzi walipoinua macho hawakumwona mtu ila Yesu peke yake. Tunaposimama kwa Injili tunasimama kwa heshima yake yeye, bila kumdharau Paulo, ambaye naye angesimama.

Mdadisi

Nimeelewa. Tukikutana tena nitamwomba yule mwenzetu atusomee mstari wa 10 kwa sauti kabla ya ule wa 12. Nimekwisha kuitazama Biblia yake: agizo hilo la Bwana limechapwa kwa wino mweusi.