Bima ya afya au akiba ya SACCO kwa familia isiyo na mwajiri?

Mama Nafaka, Busia
Ndugu zangu, naomba ushauri. Sisi ni wauza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana mama mkwe wangu alilazwa kwa kisukari na shinikizo la damu, na ingawa ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, dawa nyingi tuliandikiwa tukanunue nje, vipimo tukavifanya maabara ya binafsi, na nauli na chakula vikawa juu yetu. Tuliuza ng'ombe wawili wa maziwa, na mtaji wa duka haujarudi hadi leo. Mume wangu anataka tuongeze akiba katika SACCO. Mimi nafikiria bima. Ipi inatufaa?

Mkazi wa Rukungiri
Pole sana, dada. Huku kwetu hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996, ikiijenga juu ya vikundi vya engozi, yaani majirani waliokuwa wakishirikiana kuwabeba wagonjwa kwa machela hadi hospitalini. Watu hujiunga kwa kikundi, si mmoja mmoja, kwa sababu wakijiandikisha wale tu ambao tayari ni wagonjwa, mfuko hukauka upesi. Akiba yenu ni ya nyumba moja, na upasuaji mmoja unaweza kuimaliza yote.

Mhasibu, Mbale
Nakubaliana, ila tusisahau wajibu wa serikali. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Inaniuma, kwa kuwa bima za kampuni huwafikia zaidi wenye mishahara, na mkulima au muuza nafaka huachwa ajitegemee wakati anapougua.

Muuguzi, Tororo
Mama Nafaka, tenganisha gharama za aina mbili. Dawa za kila mwezi za mama mkwe mnazijua tangu sasa, kwa hiyo zitengeeni akiba; mipango mingi ya bima huweka mipaka kwa magonjwa ya kudumu. Bima iwe kwa yale yasiyotabirika, kama ajali, uzazi wenye matatizo au malaria kali ya mtoto. Kabla ya kulipa, ulizeni mtasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa, mtachangia kiasi gani kila mnapotibiwa, na kama hospitali husika iko karibu, maana bima ya hospitali msiyoweza kuifikia usiku haitawasaidia.

Mama Nafaka, Busia
Asanteni sana. Sisi wanawake wa sokoni tuna kikundi cha kuweka na kukopa, nami nitalipeleka jambo hili katika mkutano ujao. Dada muuguzi, je, hospitali huwa zinakubali kupokea malipo ya bima baada ya mavuno, wakati fedha zinapopatikana?

Muuguzi, Tororo
Baadhi hukubali. Mtumeni mweka hazina wenu akaulize kabla hamjaanza kuchanga.