Wanafunzi wanaona miduara myeusi tu kwenye hadubini. Seli za kitunguu ziko wapi?

Mwl_Rukwa
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha baiolojia Kidato cha Kwanza, shule ya kata huku Rukwa. Hadubini ni moja, ya kioo cha chini, haitumii umeme, na watoto ni 52. Leo nimebandua ngozi ya kitunguu maji, nikaiweka kwenye slaidi na tone la maji, nikafunika. Walichoona ni miduara yenye ukingo mweusi mzito. Nikahamia lenzi ya 40, ile inayokuza mara 40, pakawa giza. Nikazungusha skrubu kubwa, kile kioo chembamba cha kufunikia kikapasuka. Watoto wakaishia kunakili mchoro wa kitabuni. Imeniuma sana. Mimi seli niliziona kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni, na sitaki hawa nao wasubiri hadi huko. Nakosea wapi?

Mama_Maabara
Pole mwalimu wangu. Nimekaa maabara za shule miaka 19 na swali hili naletewa kila mwaka. Hadubini yako ni nzima. Hiyo miduara ni viputo vya hewa. Seli ya kitunguu ni ndefu, imepangana na wenzake kama matofali ukutani.

Tuanze na kufunika. Ukikiangusha kile kioo chote kwa mara moja, hewa inanaswa chini. Gusisha ukingo mmoja kwenye maji, kiegemeze kwenye sindano, kishushe polepole mpaka kilale. Ngozi itoe upande wa ndani wa gamba, pale palipobonyea. Ukilivunja gamba utaiona inaning'inia, inang'aa kama nailoni. Kipande kisizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kitandaze vizuri majini, maana kikijikunja utaona seli juu ya seli.

Halafu rangi. Seli hizi zinapitisha mwanga, bila rangi mtoto haoni kitu. Chukua iodini ile ile ya kupimia wanga, dondosha tone ukingoni mwa kioo, na ukingo wa pili weka kipande cha karatasi ya chooni kinyonye maji. Iodini itavutwa yenyewe hadi chini. Subiri dakika mbili tatu. Kiini kinatokea cha manjano ya kahawia, kama punje ya ulezi iliyobanwa ukutani mwa seli, kwa kuwa katikati pamejaa vakuoli, yaani mfuko wa maji wa seli. Hapo mtoto aliyeshika hadubini hunyamaza kabisa, na wenzake wanaanza kumvuta shati.

Kioo cha chini kielekeze dirishani kwenye mwanga wa anga. Kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe, utamuumiza mtoto jicho. Mwanga ukizidi, punguza kile kitundu chini ya meza ya slaidi. Kuta za seli zitajitokeza.

Lenzi: anza na ya 4, kila siku, hata ukiwa na haraka. Ukiteremsha, tazama kwa ubavuni, jicho lisiwe kwenye lenzi. Ukichungulia, unapandisha tu. Kwenye 40 skrubu kubwa haiguswi. Na kabla ya kuhamia 40 leta seli unayoitaka katikati kabisa. Weka rula angavu chini ya lenzi ya 4 uhesabu: kwa hadubini nyingi za shule utapata milimita nne na ushee. Kwa 40 duara hilo linapungua mara kumi, hata nusu milimita halifiki. Kilichokuwa pembeni huwezi kukiona tena.

Baiolojia_Unguja
Mama kamaliza. Mimi naongeza kitunguu chekundu: ngozi ya nje ya gamba, ile ya zambarau, haihitaji iodini. Ukipitisha maji ya chumvi kwa njia hiyo ya karatasi, ile zambarau inajikusanya na kuachana na ukuta. Osmosisi, yaani maji kutoka ndani ya seli kufuata chumvi, inaonekana kwa macho. Kwa watoto 52, egemeza simu kwenye lenzi ya jicho, piga picha, wapitishie.

Mwalimu_Mkuu_Mstaafu
Kwa nini msitumie seli za shavuni? Hazina ukuta, mtoto analinganisha na mmea.

Mama_Maabara
Shikamoo mwalimu. Ni nzuri sana, ila zinataka rangi ya methilini bluu, na kila kijiti lazima kiingie kwenye dawa ya klorini mara moja, kisichangiwe. Kwa 52 na hadubini moja, ningeanza na kitunguu. Na wewe wa Rukwa, ukisahihisha michoro angalia kloroplasti, zile chembe za kijani za majani. Kitunguu cha chini ya udongo hakina. Aliyezichora alitazama kitabu.

Mwl_Rukwa
Nimerudi. Leo tumeanza saa mbili asubuhi, mwanga wa dirisha la mashariki ukawa mkali, nikageukia la kusini. Lenzi ya 4, kisha 10. Matofali! Iodini imekubali, viini vimeonekana hadi kwa 40. Michoro ya jana nimeikagua: 31 ina kloroplasti. Ya leo hakuna hata mmoja. Binti mmoja kaniuliza mbona kwenye seli zingine kiini hakionekani, nikamwambia azungushe skrubu ndogo taratibu. Kakipata, kilikuwa chini kidogo ya vingine. Kesho naleta kitunguu chekundu na chumvi.