Mchezo wa mwigizaji mmoja kumuenzi Lilian Ngoyi: sauti na ukimya

Swali: Wadau, tunaandaa mchezo wa dakika 60 kuhusu Lilian Ngoyi, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, ukumbi mdogo hapa Nairobi, viti 80. Mwigizaji ni mmoja, wahusika watano, na sauti zao zimeanza kufanana. Pia, ule ukimya wa maandamano ya wanawake Pretoria, aliyoyaongoza na wenzake, tuufanyeje?

Jibu: Dada, msitegemee koo. Baada ya dakika 20 linachoka na wote wanakuwa mtu mmoja. Kila mhusika apewe mahali pa kutazama: polisi juu ya mlango wa nyuma, mtoto usawa wa kiuno kushoto. Macho yahame kwanza, maneno yafuate.

Jibu: Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walisimama kimya nusu saa mbele ya Union Buildings, makao ya serikali Pretoria, wakipinga sheria ya pasi, yaani vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Jukwaani sekunde 90 zinatosha, bila muziki wowote. Azihesabu fundi wa taa kwa saa, kwa sababu mwigizaji akiachiwa ataukatiza mapema kwa hofu.

Jibu: Cherehani mnayo? Ngoyi alishona kiwandani, na serikali ilipompiga marufuku ya kutembea na kukutana na watu kwa uhuru, alishona nyumbani Orlando, Soweto. Tafuteni ya kukanyaga, mdundo wake unabeba hata mwendo wa treni. Toeni uzi na sindano. Azungushe gurudumu kwa mkono kwanza, likielekea kwake, ndipo akanyage. Mguu ukitangulia vibaya linarudi nyuma na mdundo unavunjika. Mkanda ukiteleza, ufupisheni kidogo.