Eti "ni siri yake". SIRI YA MUUZA UNGA!

Wakuu, nimekata simu sasa hivi, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Mnawajua IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Wale wa bahasha yenye kidirisha. Mimi ni karani wa hesabu ofisi ya sherifu huku Marekani. Vijana wetu walimvizia muuza unga mpaka mbwa wa mtaa wakawazoea. Madaftari yake yote tukawapelekea hao jamaa wa kodi, kazi yao kutafuna tu. Sheria inasema taarifa zetu zikiwaingizia kodi ya dola 50,000 kwenda juu kwenye kesi za dawa za kulevya au utakatishaji wa fedha zake, tunaweza kurudishiwa gharama: mishahara, ovataimu, posho. Isizidi asilimia 10 ya walichovuna, na mkiwa idara nyingi mnagawana hiyo hiyo. Haya.

Nimejaza fomu 211A ya kuomba hizo gharama mpaka kidole kimeota sugu. Napiga kuuliza tu, muuza unga kalipa ngapi? Kijana wao ananijibu kwa sauti ya kubembelezea mtoto: "Samahani, kodi zake ni siri yake."

SIRI YAKE! Nani kamleta? Daftari lake ninalo mezani, najua mpaka deni la kinyozi wake! Sasa nidai asilimia 10 ya siri?

Kibuyu Kitupu: Gari lake si mliligawana? Mkishalipwa kwenye mali zilizotaifishwa hamlipwi tena. Sema ukweli mkuu.

Mleta uzi: Gari halina injini! Na mimi naongelea SIRI.

Mama Ntilie Houston: Ovataimu ya kulala kwenye gari na donati mkononi? Hata mimi nisingelipa 😂

Bosi Bila Kazi: Huku Kenya sina kazi wala biashara, nimesahau ritani ya kodi ya sufuri, 30 Juni imepita, faini 2,000. Nitoe wapi?

Duka la Kona: Afadhali nyie. Mashine yangu ya EFD, ile ya risiti za kodi, inatoa karatasi nyeupe, mteja kanuna dirishani, fundi hapokei simu.

Mleta uzi: Jamani, sauti ile! "Siri yake"!

Kibuyu Kitupu: @Duka la Kona rola umeweka kinyume, ile karatasi inaandika upande mmoja tu.

Mleta uzi: Wakuu?

Duka la Kona: Mkuu fungua uzi wako, hapa tuna mashine.

Duka la Kona: Nimegeuza, imekubali. Sasa inasoma tarehe ya juzi.