Vikundi tisa, tikiti moja: nani atashuka?

Wiki jana tulikutana ukumbini huku Kariobangi, Nairobi, vikundi tisa: vituo vya haki za kijamii, wapangaji, akina mama wa soko, vijana wa maandamano ya Juni 2024, na makomredi wa vyama viwili. Ajenda ilikuwa kusimamisha wagombea wa pamoja uchaguzi wa Agosti 2027. Nusu saa ya kwanza tulikubaliana juu ya kila kitu: maji, hospitali, deni la taifa, polisi wauaji. Saa tatu zilizofuata tuligombania jina litakalokaa kwenye karatasi ya kura. Chai ikapoa, mandazi yakaisha, tukaagana bila hata tarehe ya kukutana tena.

Mimi nasema shida ya mrengo wa kushoto Kenya si itikadi, ni tikiti, yaani uteuzi wa chama. Chama kipya hakisajiliwi kikamilifu bila wanachama 1,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Hao ni watu 24,000, na bado hujalipa kodi ya afisi za matawi. Kikundi cha watu sitini wanaochangishana mia mia kitatoa wapi? Basi kinabisha hodi kwa mwenye chama, na mwenye chama ndiye mwenye cheti cha uteuzi. Ukomredi huishia hapo.

Tena tumeshaumwa. Mwaka 2022 uongozi wa Chama cha Kikomunisti ulitia sahihi na Kenya Kwanza, wenzao wakakataa, chama kikapasuka. Tangu hapo ukitaja neno "muungano", kila mtu anashika mfuko wake.

Pendekezo langu: tusahau urais. Nchi ina wadi 1,450. Tuchague kumi tunazozijua mpaka vichochoro, mgombea mmoja kila wadi, asimame huru. Katiba inataka aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi. Mnaonaje?

*Wa Mathare:* Kaka, hizo sahihi 500 usizichukulie mchezo. Na wewe mgombea usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Umeangalia jina lako kwa Msajili wa Vyama vya Siasa? Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Dada yangu alikuwa mmoja wao.

Lakini hilo ni la karatasi, linarekebishika. Langu ni hili: mama aliyepigiwa mtoto risasi akija kituoni kwetu, hatumuulizi alimpigia nani kura. Siku tukiwa na mgombea, yeye ndiye atatuuliza sisi. Na yule anayempenda MCA wa sasa, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hatarudi tena. Mimi sitaki kituo kiwe afisi ya kampeni.

*Mzee wa FORD:* Wanangu, hiyo hadithi ya tikiti siinunui. Mwaka 1992 sisi wa FORD, upinzani dhidi ya Moi, tikiti tulikuwa nayo, na watu walijaa viwanjani mpaka juu ya miti. Jaramogi akabaki na FORD-Kenya, Matiba akaondoka na FORD-Asili, kwa sababu wote wawili walitaka kiti kimoja, cha urais. Moi akapita na asilimia 36 hivi. Hata mkipewa chama bure kesho, mtauliza nani mwenyekiti.

*Mwanzilishi:* Mzee, shikamoo. Nakubali, na ndiyo maana nasema wadi. Urais ni kiti kimoja, wadi kumi ni viti kumi. Anayekosa Korogocho anaweza kupata Kayole.

*Mzee wa FORD:* Marahaba. Na anayeishi Korogocho akikataa kuhamia Kayole?

*Mwanzilishi:* Hapo umenishika. Wiki jana watatu walitaka wadi hiyohiyo moja, na mmoja ni mimi.

Dada wa Mathare, lako ni zito zaidi. Labda kituo kibaki kituo, na anayetaka kugombea ajiuzulu kwanza, arudishe funguo na daftari la kesi mapema, si wiki ya mwisho.

*Wa Mathare:* Daftari atarudisha. Namba za simu za akina mama zilizo kwenye simu yake je?