"Mama, nikikupa utaisoma uielewe?" Huyu mtu leo kanivunjia heshima mbele ya umati

Wakuu, naandika bado nina vumbi la mkutano miguuni. Mkono unatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Huyu bwana mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja. Mwenye mkoba mweusi, anayekohoa mara tatu kabla ya kusema "ndugu wananchi". Yeye huyo.

Tangazo lilituita wakazi wote tukashiriki kupanga bajeti. Saa tatu asubuhi, bila kukosa. Nimefika saa tatu kasoro robo. Yeye katokea saa sita. Kivuli cha ukuta tulichokuwa tumekikalia kilituhama tukakifuata upande wa pili, kikatuhama tena. Kuna mtoto aliletwa amebebwa mgongoni, nahisi ameondoka pale anaota ndevu.

Mlangoni kuna kijana na karatasi ya mahudhurio. Jina, namba ya simu, saini. Tukasaini. Hiyo karatasi muikumbuke, nitairudia.

Akaanza. Mafanikio, mafanikio, mafanikio. Saa nzima na nusu! Bajeti haijaguswa. Kisha ndipo akafungua zipu ya mkoba, akatoa makaratasi yamebanwa pini kona moja, akayainua juu kama refa anayetoa kadi nyekundu. "Ndugu wananchi, bajeti yenu hii hapa. Mmeiona?"

Tumeona nini? Mimi niko safu ya tatu. Nimeona mgongo wa karatasi. Jua lilipopenya nikaona vimistari vya safu za namba, vidogo kama sisimizi wamepanga foleni. Basi. Zipu ikalia, bajeti ya mwaka mzima ikarudi mkobani. Nakala moja kwa umati wote ule.

Nikasimama. Kwa adabu kabisa, na shikamoo nimempa. Nikasema naomba nakala, na kama nyingi hazipo basi hata ukurasa mmoja, ule wenye fungu la matumizi mengineyo, tuupitishe mkono kwa mkono tuusome halafu tumrudishie.

Akaniangalia kuanzia kilemba hadi kandambili. Akatabasamu. Akasema, na kipaza sauti kiko mdomoni kwake:

"Mama, nikikupa utaisoma uielewe?"

Watu wakacheka. Wale wa viti vya mbele, vyenye mikono, ndio waliocheka zaidi.

UTAISOMA UIELEWE. Mimi! Mwaka wa 11 huu natunza daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila tunapokutana nalisoma kwa sauti, nani kaweka, nani kakopa, nani anadaiwa, na ikipungua hata sarafu moja hakuna anayenyanyuka mpaka ionekane. Kuna wazee pale hawakuona darasa lakini namba zao wanazijua kuliko majina ya wajukuu. Hakuna hata siku moja niliyomwambia mtu nikikupa daftari utaisoma uielewe, maana hela ni yake!

Bado nimesimama. Akakohoa, akasema muda umetutupa mkono, wananchi wameridhia, mahudhurio haya hapa. Akaipunga ile karatasi ya mlangoni. Saini yangu ya kufika imegeuka saini ya kukubali. Nikaguna, sauti haikutoka.

Mambo mengine yote ningesamehe. Jua ningesamehe. Saa tatu za kungoja ningesamehe. Lakini lile tabasamu, na utaisoma uielewe… Wakuu, nimeshindwa hata kuvua kilemba.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Endeleeni.

#3 Kalamu Nyekundu
Ni huyo huyo, wala hajabadilika. Mwaka jana alituinulia makaratasi hivyo hivyo. Bahati yangu nilikuwa karibu, nikaona juu pameandikwa mwaka wa fedha uliokwisha pita. Nikauliza. Akasema ni kosa la mpiga chapa. Pole dada, mkoba ule umemeza mengi.

#4 Bundi wa Mchana
Pole, ila tangu umeanza uzi hujatujibu swali lake. Ungeielewa au usingeielewa?

#5 Mleta uzi
Ningeielewa. Na nisingeielewa ningeuliza, na kazi yake ni kunielewesha. Mshahara anaolipwa uko ndani ya makaratasi hayo hayo aliyonificha. Mtu ananiuliza mbele za watu, kwa kipaza sauti, utaisoma uielewe! Na tabasamu juu!

#6 Hesabu Haziongopi
Dada mleta uzi, uliuliza fungu lenyewe, ndiyo maana alikimbilia kejeli. Mishahara ina orodha ya watumishi, mradi wa barabara una mkandarasi na mkataba, vyote hivyo unaweza kuvifuata hatua kwa hatua. Matumizi mengineyo ni gunia. Humo mna safari, posho za vikao, mafuta ya magari, matengenezo, shajala. Mengine ni ya lazima kabisa, ila gunia lisipofunguliwa hadharani hakuna ajuaye kipi ni kipi.

Na usidhani umeonewa peke yako. Rajasthan, India, 1994, wanakijiji walianza kufanya mikutano ambapo hesabu za kazi za umma zinasomwa kwa sauti mbele ya watu wenyewe. Orodha za malipo zikasomwa jina kwa jina. Wakakuta watu wamelipwa kazi ambazo hawakuwahi kuzifanya, na wengine ni marehemu. Kilio chao kilikuwa "Hamara paisa, hamara hisab". Hebu isome tena taratibu. Paisa ni pesa. Hisab ni hesabu. Pesa zetu, hesabu zetu. Hata mkalimani huhitaji! Vuguvugu hilo ndilo lililosukuma mpaka India ikapata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005, na lilianza na watu wa vijijini wanaodai waone karatasi. Karatasi ile ile uliyonyimwa wewe leo.

#7 Bundi wa Mchana
Kumbe tumefika India. Mkuu, mtu kachekwa na mwenye mkoba wewe unamletea Kihindi.

#8 Kalamu Nyekundu
Mwache aseme, anasema vitu. Na India mbali, njoo Uganda. Miaka ya 1990 walifuatilia ruzuku ya wanafunzi wa shule za msingi kutoka hazina mpaka shuleni. Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku ile. Nyingine yote iliyeyukia ngazi za kati. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule nazo zikatakiwa kubandika walichopokea. Baada ya hapo fungu linalofika likapanda sana. Sasa niambie wazazi wale walikuwa wamesomea uhasibu? Waliona namba mbili tu, iliyotumwa na iliyofika.

#9 Mleta uzi
Asanteni. Namba mbili tu! Mimi niliomba ukurasa mmoja tu! Nikaulizwa utaisoma uielewe!

#10 Mtumishi Mpole
Nitatukanwa lakini naomba niseme. Nafanya kazi katika ofisi ya namna hiyo. Ukomo wa bajeti huja kutoka juu umechelewa, tunapewa siku chache tujaze majedwali yote. Ukishatoa mishahara na miradi iliyovuka mwaka, kinachobaki cha kupangwa na wananchi ni kiduchu. Kwa hiyo mkutano unafanyika rasimu ikiwa tayari, ili kutimiza utaratibu. Si ubaya wa mtu. Kauli yake kwa mama ilikuwa mbaya, hilo nakubali. Ila na nyinyi wananchi mkiitwa hamji.

#11 Hesabu Haziongopi
Mtumishi, umekiri mwenyewe na Mungu akubariki. Rasimu imeshafungwa, halafu mnatuita "tushiriki". Sherry Arnstein wa Marekani aliichora hii mwaka 1969, ngazi yenye vidato 8. Cha juu, wananchi wanaamua. Cha chini kabisa, wananchi wanaitwa, wanakalishwa, saini zao zinachukuliwa kuhalalisha kilichokwisha amuliwa. Karatasi ya mahudhurio ya leo iko kidato hicho.

Na usiniambie haiwezekani kuanza mapema. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi walikuwa wakikutana kitongoji kwa kitongoji bajeti haijaandikwa, wanapanga kipi kitangulie kati ya maji, mitaro na barabara, wanachagua wajumbe wa kuisimamia. Wengi wao walikuwa watu wa maeneo ya maskini. Paris wenyewe walianza kupigia kura miradi mwaka 2014. Kiduchu hicho unachosema kinabaki, basi tupeni hicho hicho kiduchu tukipange sisi!

#12 Spana Kumi na Tatu
Nimesoma yote nikavumilia mpaka nilipofika kwenye "mkiitwa hamji". HATUJI? Tunaitwa na nini? Na lile gari la matangazo? Linapita saa nane mchana watu wako makazini. Linakwenda mbio kama limeiba. Spika lenyewe limepasuka. Mara ya mwisho nilichoambulia ni "ndugu wananchi… krrrr… bila kukosa". Nikabaki mlangoni na ndoo mkononi najiuliza nisikose nini.

#13 Mama Watoto Wanne
Spana, hapo umenigusa. Mimi niliambulia "mnatakiwa kuhama". Usiku kucha sijalala, nimefunga virago. Asubuhi naambiwa lilikuwa tangazo la chanjo ya mbwa.

#14 Mtumishi Mpole
Gari la matangazo haliko idara yetu.

#15 Spana Kumi na Tatu
Jibu lenu ni hilo hilo kila siku! Mtaro hauko idara yenu. Taa haziko idara yenu. Mna idara gani?

#16 Mleta uzi
Jamani turudi kwenye mada. Nauliza, kesho niende ofisini kwake nikaombe nakala kwa maandishi, au nisubiri? Maana nikifumba macho nasikia kile kipaza sauti. Utaisoma uielewe.

#17 Kalamu Nyekundu
Nenda. Barua nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Usiende peke yako, nenda na wanakikundi wako na lile daftari.

#18 Bundi wa Mchana
Dada tumeshakuelewa, hiyo kauli umeirudia kuliko wimbo wa shule. Spana, hebu ongelea taa. Za kwenu zinawaka?

#19 Spana Kumi na Tatu
Ziwake wapi! Mbele ya nyumba yangu nguzo imesimikwa, taa ikafungwa, ikapigwa picha na viongozi wamesimama chini yake. Iliwaka siku ile ya picha. Tangu hapo ni nguzo ya kufungia mbuzi.

#20 Mama Watoto Wanne
Afadhali wewe ya kwako imezima. Ya kwangu inawaka mchana, ikifika magharibi inazima. Kila siku. Nimepeleka malalamiko mara nne, wananiuliza nguzo namba ngapi.

#21 Mtumishi Mpole
Namba huwa imepakwa rangi kwenye nguzo, kimo cha kifua. Bila namba fundi hawezi kutumwa.

#22 Mama Watoto Wanne
Nimeizunguka nguzo nzima na tochi. Kuna bango la mganga, kuna bango la chumba kinapangishwa, kuna bango la mgombea aliyeshindwa. Nimebandua yote matatu. Chini yake kuna bango la nne.

#23 Siti ya Mbele
La nne linasemaje?

#24 Mama Watoto Wanne
"Wananchi wote mnakaribishwa kwenye mkutano wa bajeti." Tarehe imeliwa na mvua.

#25 Spana Kumi na Tatu
Achana na bango, bandua na hilo, namba itakuwa chini yake. Tumia maji ya moto.